Mali ya Marehemu Isitoke Nyumbani Kabla ya Karatasi

(Muziki wa kipindi. Unashuka chini ya sauti.)

Leo hatuna mgeni studioni. Nitaongea mwenyewe, tena polepole, maana jambo la leo lina karatasi nyingi, na ningependa hata bibi anayesikiliza huku anachambua maharage asipitwe na kitu.

Tunaongea juu ya mali ya mtu aliyekufa.

Najua wengine wameshacheka. Mkimbizi ana mali gani? Tulifika na sufuria na godoro. Ni kweli, tulifika hivyo. Lakini kambi yetu ya Nakivale ilifunguliwa 1958. Kuna watu walizaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazeeka hapa. Leo mtu anakufa ameacha duka la sabuni na chumvi, pikipiki ya boda, mbuzi sita, mashine ya kusaga, akiba kwenye kikundi, pesa kwenye simu, na watu kumi wanaodaiwa. Vyote hivyo ni mali. Hata deni unalodai ni mali. Na mtu akifa, vitu hivyo vyote kwa pamoja vinaitwa mirathi, na serikali ya Uganda ina sheria yake ya mirathi ambayo ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2022. Sheria hiyo inatuhusu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema mkimbizi ana haki ya kwenda mahakamani, na inampa haki juu ya mali kama mgeni mwingine yeyote anayeishi Uganda kwa halali.

Sasa mnajua jinsi mambo yanavyokwenda kwetu. Baba wa nyumba amekufa. Watu wamekaa matanga, chai imenyweka, pasta ameomba, wageni wanaanza kuondoka. Ndipo kaka wa marehemu anaomba ufunguo wa pikipiki, eti aiwashe kidogo isije ikaharibika. Wiki moja baadaye pikipiki iko Mbarara. Binamu anachukua simu kwa sababu yeye ndiye anajua namba ya siri. Shangazi anaondoka na vitenge. Mama mwenye nyumba amekaa kwenye mkeka, hana nguvu ya kubishana, na hata akiwa na nguvu ataambiwa: wewe ulioolewa tu, hii ni mali ya ukoo wetu. Baada ya mwezi mmoja amebaki na watoto na rafu tupu za duka.

Wazee wangu, mimi ni kijana na siji hapa kuwafundisha mila. Mila ya kumwangalia mjane na yatima ni nzuri, na kuna kaka wengi waliobeba watoto wa ndugu zao kama wa kwao. Lakini kwa sheria ya nchi hii tunayoishi, kifo hakimpi kaka mali. Hakimpi hata mke yote. Tangu siku ile mtu anapokufa, mali yake inasimama. Inangoja mtu aliyepewa karatasi na mahakama. Mtu huyo tunamwita msimamizi wa mirathi. Kabla ya karatasi hiyo, anayechukua, anayeuza au anayegawa anafanya kosa, na sheria ya 2022 imeongeza uzito wa adhabu yake. Kosa hilo halichagui. Kaka akiuza pikipiki ni kosa, na mjane akiuza pikipiki hiyo hiyo ni kosa pia.

Kuna nafasi ndogo iliyoachwa wazi, na ni vizuri muijue ili msilale njaa kwa kuogopa. Kutumia kitu cha marehemu kwa ajili ya mazishi yake, kukilinda kisiharibike, au kwa mahitaji ya lazima ya familia yake, hilo halihesabiwi kuwa ni kuvuruga mirathi. Kwa hiyo mama, unga uliopo dukani wape watoto. Mbuzi akiumwa mwite daktari wa mifugo. Lakini andika. Chukua daftari la shule, andika tarehe, kilichotoka, kwa nini kimetoka, na nani alikuwepo. Daftari hilo litakusaidia kuliko machozi yote utakayolia mbele ya ofisi.

Na siku hizo hizo za kwanza, andikeni kila kilichopo. Mfanye mbele ya watu: jirani mmoja, mtu wa kanisa au wa msikiti, kiongozi wa RWC wa kijiji chenu. Namba ya pikipiki. Mbuzi wangapi na rangi zao. Kitabu cha akiba kina shilingi ngapi. Nani anadaiwa na nani anadai. Wote watie sahihi au dole gumba. Hii bado si karatasi ya mahakama, lakini mtu akijua kila kitu kimeandikwa, mkono wake unakuwa mzito.

(Muziki mfupi.)

Tuingie sasa kwenye njia yenyewe. Inaanza na cheti cha kifo.

Hapa nina jambo la kusema ambalo halisemwi kwa sauti. Kuna familia zinaficha kifo. Mtu amezikwa, lakini kwenye karatasi ya familia, ile tunayoita atestesheni, bado yuko hai, ili fungu lake la chakula au la pesa lisikatwe. Naelewa njaa, mimi pia ninakula kwenye kambi hii. Lakini fikirini hesabu yake. Mtu ambaye kwenye karatasi hajafa, hana mirathi. Hakuna ofisi itakayokusikiliza juu ya akiba yake, wala kampuni ya simu itakayokupa pesa zake. Na kadiri muda unavyopita, mashahidi wanahama, wengine wanapelekwa nchi za mbali, wengine wanarudi Kongo, na siku ukitaka kutoa habari utaulizwa kwa nini ulinyamaza. Unalinda fungu moja la mwezi, unapoteza duka zima.

Kwa hiyo: mtu akifia kwenye kituo cha afya, usiondoke bila karatasi yao inayoeleza kifo. Akifia nyumbani, nenda kwa mwenyekiti wa RWC na kwa mwenyekiti wa LC1 wakuandikie. Halafu unapeleka habari hizo NIRA, ofisi inayoandikisha vizazi na vifo, ili upewe cheti. Na unapita pia kwenye ofisi ya OPM hapa kambini, atestesheni irekebishwe na jina la mkubwa wa nyumba libadilishwe.

Chungulia majina. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina hili kwenye atestesheni, jina lingine kwenye laini ya simu, na jina la utani kwenye kitabu cha akiba. Kwa Mungu ni mtu mmoja. Kwa ofisi ni watu watatu. Ukiona hivyo, sema mapema, uombe barua ya kueleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Na wewe uliye hai unayenisikia, nenda ukarekebishe majina yako wiki hii, maana ukifa hutaweza kueleza.

Baada ya cheti, familia inakaa. Kikao hiki ni cha kweli, si cha kunywa soda tu. Mjane au mgane yupo, watoto wakubwa wapo, ndugu wa marehemu wapo. Mnaandika waliokuwepo, namba za vitambulisho vyao, mali iliyopo, na nani mmemchagua aombe usimamizi. Sheria ya 2022 inampa mke au mume aliyebaki nafasi ya kwanza kuomba, kabla ya ndugu wengine. Kama mama anataka, anaweza kuomba pamoja na mtu mwingine anayemwamini. Muhtasari wa kikao unasainiwa na wote, na viongozi wa kijiji wanaweka muhuri kuonyesha kwamba wanawafahamu.

Hapo wengi wanasimama. Wanafikiri muhuri wa LC umemaliza. Haukumaliza. Baraza la wazee linaweza kupatanisha, mwenyekiti anaweza kuwatambulisha, pasta anaweza kuwaombea, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kukufanya msimamizi wa mirathi. Na ukikuta mtu ana karatasi ya kijiji inayosema pikipiki sasa ni yake, karatasi hiyo haimzuii mtu yeyote kumshitaki.

Kutoka kijijini unaenda wilayani. Kwetu ni Isingiro. Serikali ina ofisi inayoitwa Administrator General, kazi yake ni kuangalia mirathi za watu wote nchini, na kila kifo cha mtu aliyeacha mali kinatakiwa kitolewe habari huko. Makao yake yako Kampala, lakini usiogope, huna haja ya kupanda basi la Kampala. Wilayani yuko mkuu wa utumishi wa wilaya, CAO, ambaye anafanya kazi hiyo kama wakala wake. Unampelekea cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, barua ya kijiji, vitambulisho. Anaweza kuita familia awasikie wote. Akiridhika, unapewa cheti cha kusema ofisi hiyo haina pingamizi wewe kuomba. Ukifika dirishani taja jina lake la Kiingereza kama wanavyolitaja wao: certificate of no objection. Nimelisema kwa Kiingereza makusudi, ili mtu asikuzungushe.

Halafu mahakama. Mirathi ndogo kama hizi zetu zinasikilizwa kwa hakimu, karibu, si lazima Mahakama Kuu. Karani wa mahakama atakuonyesha fomu za maombi. Ndani yake unasema nani amekufa, lini, ameacha nani, ameacha nini. Usifiche mtoto. Kama marehemu alikuwa na mtoto nje ya nyumba, mwandike, hata kama moyo unauma. Watoto wote ni sawa mbele ya sheria hii, wa ndani ya ndoa na wa nje, na mtoto uliyemficha akijitokeza baadaye karatasi yako inaweza kufutwa.

Mahakama inatoa tangazo na kungoja siku 14, ili mwenye neno aseme. Mwenye neno anaandikisha zuio, na hapo kesi inasubiri mpaka asikilizwe. Silaha hii ni ya kila mtu. Mama, kama umesikia shemeji yako ndiye aliyekwenda kuomba kwa siri, usilie nyumbani. Nenda mahakamani kaweke zuio. Kama hakuna zuio, hakimu anatoa karatasi yenyewe, ambayo kwa Kiingereza wanaiita letters of administration. Sasa unaweza kwenda kwenye benki, kwenye kikundi cha akiba, kwenye kampuni ya simu, na wakakufungulia.

Neno juu ya pesa. Ada ya mahakama inalipwa benki, kwa karatasi yenye namba ya malipo, na unarudi na risiti. Mtu anayetaka umwekee mkononi au umtumie kwenye simu yake binafsi ili "faili litembee" anakula pesa za yatima. Usimpe. Andika jina la ofisi, tarehe na saa, uwaambie watu wa msaada wa sheria.

(Muziki mfupi.)

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ndugu wanapogombana. Kupata karatasi ya usimamizi si kuwa mwenye mali. Msimamizi ni kama mtu aliyeshikishwa sahani ili awapakulie wengine. Ndani ya miezi 6 anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali yote. Ndani ya mwaka 1 anatakiwa kupeleka hesabu: nini kimeingia, nini kimelipwa, nani amepewa nini. Karatasi yake siku hizi ina miaka 2 tu, ikiisha lazima aombe kuongezewa. Na hawezi kuuza vitu vya mirathi bila mke au mume aliyebaki na watoto kukubali kwa maandishi. Zamani mtu angeweza kukaa na karatasi hiyo miaka 20 kama mfalme. Mlango huo umefungwa.

Anagawaje? Kama marehemu hakuacha wosia, sheria inagawa yenyewe. Kwanza mazishi na madeni yanalipwa. Nyumba ambayo familia ilikuwa inakaa haiingii kwenye kugawa, inabaki ya mjane au mgane na watoto kukaa, na kuwafukuza humo ni kosa la jinai. Sheria inataka pia sehemu iwekwe kando kwa ajili ya watoto wadogo, wanafunzi walio chini ya miaka 25 ambao bado wanasoma, na mtoto mwenye ulemavu aliyekuwa anamtegemea marehemu.

Kinachobaki kinagawiwa hivi, pale marehemu alipoacha makundi yote manne: watoto asilimia 75, mke au mume asilimia 20, ndugu waliokuwa wanamtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Tuseme kimebaki cha kugawa shilingi milioni 10. Watoto wote kwa pamoja wanapata milioni 7 na laki 5. Mama anapata milioni 2. Ndugu wanaotegemea wanapata laki 4. Yule anayekaa kwenye kiti cha baba kimila anapata laki 1. Kama wake walikuwa wawili, wanagawana ile ya 20.

Angalieni hiyo asilimia 4. Ndugu anayetajwa hapo ni yule ambaye marehemu alikuwa anamlisha. Mama mzee anayeishi kwa mwanawe, ndiyo. Mdogo wake aliyekuwa anamlipia shule, ndiyo. Kaka mwenye duka lake Mbarara ambaye hata chumvi hakuwahi kuomba, huyo hayumo. Anaweza kuwa mchungu, anaweza kuzungumza kwa sauti kwenye kikao, lakini kwenye hesabu hayumo. Na hakuna mahali popote katika sheria hii palipoandikwa kwamba mjane naye ni kitu cha kugawa. Kama shemeji anasema mali inakuja pamoja na mke, mwambie akuonyeshe ukurasa.

Je, shamba? Ile ploti uliyopewa na OPM si mali ya marehemu. Kanuni za wakimbizi za 2010 zinasema wazi kwamba tunatumia ardhi hiyo bure, lakini haturuhusiwi kuiuza wala kuikodisha. Kwa hiyo haiingii kwenye mirathi, na hapo kuna faida kwa mjane: shemeji hawezi kuirithi, na mtu anayesema aliinunua kwa marehemu amenunua upepo. Pita ofisi ya kamanda wa kambi mapema, useme familia bado ipo na bado inalima. Ukikawia, mtu mwingine anaweza kusema ploti imeachwa. Mahindi na mihogo mliyopanda, hiyo ni jasho lenu.

Na shamba la nyumbani, la Masisi au la Fizi? Ardhi inafuata sheria ya nchi ilipo. Karatasi ya Isingiro haifungui mlango Kongo. Huko wana Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016. Kwa ufupi, pale ambapo hakuna wosia, watoto wanachukua robo tatu, na robo inayobaki inaenda kwa mke au mume, wazazi na ndugu wa marehemu. Kama mna karatasi yoyote ya shamba la huko, hata iliyochakaa, iwekeni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kifo cha hapa. Cheti hicho ndicho kitakachowasaidia siku ya kurudi.

(Muziki mfupi.)

Tuna maswali ambayo yanarudi kila tunapogusa jambo hili.

La kwanza linaulizwa na wanawake, na karibu kila mara kwa sauti ya chini. "Tumekaa miaka tisa, tuna watoto wanne, lakini hakutoa mahari wala hatukufunga ndoa popote. Mimi ni nani?" Dada yangu, sitakudanganya. Sheria ya Uganda inamhesabu kuwa mke yule aliyeolewa kwa ndoa inayokubalika, ya hapa au ya nchi nyingine. Kukaa pamoja peke yake, hata miaka 20, hakukufanyi mke. Lakini usikate tamaa haraka. Je, kweli hakuna kilichotolewa? Ndoa ya kimila iliyofanyika Kongo inaweza kukubaliwa. Kama wazee wako walipokea mbuzi mmoja na jembe huko Uvira, tafuta waliokuwepo, waandike. Na hata kama hakuna kitu, watoto wako ni warithi kamili. Ile 75 ni yao, na wewe ndiye mama yao unayewalea. Simama kwa jina lao. Na ninyi akina kaka mnaoishi na wanawake bila kumaliza mambo ya mahari, mmesikia mnachowaachia.

La pili linaulizwa na wanaume. Mke wangu amekufa, dada zake wamekuja kuchukua cherehani na vitu vya saluni, wanasema ni vya kwao. Sheria inasema mke au mume. Mwanaume ana zile zile 20, na watoto wa marehemu wana zile zile 75. Dada hawarithi cherehani kwa sababu ni cha kike.

La tatu ni la vijana. Mtoto wa miaka 16, baba na mama wote wamekufa, anawaangalia wadogo zake watatu. Hawezi kuwa msimamizi, lazima awe na miaka 18. Lakini asiwaachie mali watu wa kwanza waliokuja kulia. Aende kwenye ofisi ya ulinzi wa watoto hapa kambini na kwa OPM, aseme jambo lake, atafutwe mtu mzima wa kuomba kwa niaba yao. Fungu la mtoto mdogo linatunzwa mpaka akue, na anayelitunza anatakiwa kutoa hesabu.

Kuna dawa ya mapema ya haya yote, na ni ya bei ya karatasi moja. Inaitwa wosia. Wengi wanaogopa kwamba ukiandika wosia unaita kifo. Nimeona watu wengi waliokufa bila kuandika, kwa hiyo sijui nani aliwaitia. Ukiwa na miaka 18 na akili timamu unaweza kuandika. Karatasi ya daftari inatosha, hauhitaji muhuri wala wakili. Andika jina lako kama lilivyo kwenye atestesheni, mke na watoto wako wote kwa majina, mali yako, nani apate nini, nani asimamie, na nani awalee watoto kama mama yao pia hayupo. Weka tarehe. Tia sahihi au dole mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi mbele yako. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu, wala mke au mume wake, maana atapoteza alichoachiwa. Na usidhani wosia ni fimbo ya kumpiga mke. Ukimwacha mke na watoto mikono mitupu, mahakama ina uwezo wa kuwatolea matunzo kwenye mali hiyo hiyo.

Usiuzike wosia ndani ya sanduku ambalo hakuna anayelijua. Mpe mtu mmoja nakala, mwambie mwingine iko wapi.

Kwa mwenye kesi tayari, msaada wa sheria upo na hauuzwi. Refugee Law Project, ambayo ni ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, inawasaidia wakimbizi bure, na FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wanawasaidia hasa akina mama. Ukienda, beba atestesheni, cheti cha kifo kama kipo, daftari lako la orodha, na jina la mtu aliyechukua vitu na siku aliyovichukua. Kama huna chochote kati ya hivyo nenda hivyo hivyo, wataanza na wewe mahali ulipo.

Vikundi vya kusikiliza, mkimaliza kusoma karatasi hii, kila mmoja aangalie jina lake kwenye atestesheni na kwenye laini ya simu kama yanafanana. Wale ambao hayafanani, andikeni orodha mumpe kiongozi wa kikundi, nasi tutawauliza OPM kwenye kipindi cha wiki ijayo ni siku gani wanapokea marekebisho.

(Muziki wa kipindi unapanda.)